Baridi Yabisi Inapofika Masikioni

Mgonjwa wa baridi yabisi anapoketi mbele ya mhudumu wa afya, jambo la kwanza kutazamwa ni mikono yake. Vidole hubonyezwa kimoja kimoja, kisha vifundo vya mikono, viwiko, mabega na magoti. Hesabu inayotumika sana duniani kupima ukali wa ugonjwa huu hukagua viungo 28, na kwa kazi iliyokusudiwa hesabu hiyo inatosha. Hata hivyo, mwili una viungo vingine vinne vya aina ileile ambavyo hakuna kidole kinachoweza kuvifikia. Vimo masikioni, viwili kila upande.

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna mifupa mitatu midogo iitwayo nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, ambacho ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kina urefu wa takriban milimita 3. Pale nyundo inapokutana na fuawe, na pale fuawe inapokutana na kikuku, pana viungo kamili vyenye gegedu, utando laini na ute wa kulainisha mwendo, kama ilivyo katika goti au kidole. Sauti ikigonga kiwambo, mifupa hiyo hutikisika na kuupitisha mtikisiko hadi sikio la ndani. Ugonjwa unaoshambulia utando wa viungo hauna sababu ya kuuacha utando huu kwa vile tu ni mdogo. Mwaka 1963 daktari wa Uingereza, W.S.C. Copeman, aliliuliza swali hilo katika jarida la British Medical Journal: je, sikio nalo ni miongoni mwa viungo vinavyougua baridi yabisi? Tangu wakati huo watafiti wa nchi nyingi wamelirudia. Viwango walivyovipata vinatofautiana sana, kwa kuwa walipima watu wa umri tofauti kwa njia tofauti, lakini wengi wanakubaliana kwamba wenye baridi yabisi hupungukiwa usikivu mara nyingi zaidi kuliko watu wa rika lao wasio na ugonjwa huo.

Jina linalofunika mengi

Maneno "baridi" na "yabisi" yana asili ya Kiarabu. Katika tiba ya kale ya mizaji, iliyoenea katika nchi za Kiislamu, ubaridi na ukavu zilikuwa sifa mbili zilizotajwa pamoja, na maradhi yaligawanywa kwa kuzitazama sifa kama hizo. Pengine ndiyo maana hata leo, katika jiji lenye joto kama Dar es Salaam, mgonjwa atasema kwamba vidole vyake viliharibiwa na maji ya alfajiri au na feni iliyowashwa usiku kucha. Mtaani jina hilo hubeba kila maumivu ya viungo: uchakavu wa magoti ya uzeeni, jongo, na hata viungo vinavyouma kwa miezi kadhaa baada ya chikungunya, homa iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanzania, na ambayo jina lake limetoka katika Kimakonde.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni mmoja tu kati ya hayo. Ni ule ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vimelea, huugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa viungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Huanza zaidi katika viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mgonjwa huamka akiwa amekakamaa kwa zaidi ya nusu saa kabla vidole havijakubali kukunja ngumi. Hauishii katika viungo. Mapafu, macho, moyo na mishipa ya damu yaweza kuguswa, na wahudumu wengi wanalijua hilo. Sikio ndilo linalosahauliwa.

Namna usikivu unavyopungua

Viungo vile vidogo vya sikio la kati vikivimba, mwendo wa mifupa hubadilika. Baadhi ya vipimo vimeonyesha mifupa iliyokakamaa, vingine mifupa iliyolegea kupita kiasi. Hali zote mbili huifanya sauti ifike ndani ikiwa dhaifu. Hata hivyo, hii si njia kuu. Upungufu unaoonekana zaidi kwa wagonjwa hawa unatoka ndani zaidi, katika koklea, mrija uliojiviringa kama konokono ambamo mtikisiko hugeuzwa kuwa ishara za mishipa ya fahamu.

Kila koklea ina takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti nyingine. Damu yake huletwa na mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi. Kwa hiyo uvimbe wa mishipa ya damu, ambao baridi yabisi ya muda mrefu yaweza kuuleta, ukiufikia mshipa huo, koklea haina pengine pa kupata damu. Aidha kinga yenyewe yaweza kulishambulia sikio la ndani moja kwa moja. Mwaka 1979 Brian McCabe, daktari wa masikio wa Marekani, alieleza kundi la wagonjwa ambao upungufu wao wa usikivu ulitokana na kinga ya mwili na ukaitikia dawa za kuituliza. Maelezo yake yalibadili mtazamo wa wengi, kwa sababu kabla yake upungufu wa sikio la ndani ulihesabiwa kuwa jambo lisilo na tiba.

Sehemu ya koklea inayopokea sauti nyembamba ndiyo inayodhurika mapema. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo kwa asiyeyajua: mgonjwa hasemi kwamba hasikii. Husema, "Nasikia sauti, ila maneno siyapati." Irabu za Kiswahili ni nzito na humfikia vizuri, lakini konsonanti kama s, sh, ch, f, t na k hupotea. Mzee husikia wimbo wa lugha yake bila maneno yake.

Elfu sita na elfu tisa

Kariakoo ni mahali ambapo upungufu wa namna hii huumiza haraka na pia hujificha vizuri. Chukua tarakimu mbili zinazotamkwa mamia ya mara kwa siku katika Mtaa wa Kongo: sita na tisa. Irabu zake ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kinachozitenganisha ni nafasi ya s na t tu, konsonanti mbili ambazo sikio lililoguswa huanza kuzipoteza. Muuza vitenge mwenye baridi yabisi, aliyeshika mkasi kwa vidole vinavyouma, akisikia "elfu sita" mahali palipotajwa "elfu tisa", hasara inaandikwa kwenye daftari lake, wala hakuna atakayelishuku sikio.

Kelele za mahali hapo huukamilisha ufichaji. Vipaza sauti vinavyotangaza bei, muziki wa maduka, jenereta umeme unapokatika, pikipiki na mikokoteni: katikati ya hayo hata mwenye masikio mazima huomba kurudiwa. Kwa hiyo anayeomba kurudiwa mara tatu haonekani kuwa mgonjwa. Tena kelele si pazia tu, ni chanzo cha pili cha madhara. Kiwango kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Katika desibeli 88 muda huo ni saa 4. Katika desibeli 100 haufiki zaidi ya robo saa. Mfanyabiashara aliyekaa miaka 15 kando ya spika, na ambaye pia ana baridi yabisi, ana vyanzo viwili vinavyolenga seli zilezile. Kuvitenganisha kwa hakika si rahisi hata kwa mtaalamu, na kwa matibabu ya kila siku si lazima. Yatosha kwamba mmoja usitumike kuwa kisingizio cha kutoutafuta mwingine.

Kuna na gharama isiyo ya fedha. Kijana humwamkia bibi kwa "Shikamoo" na hapati "Marahaba". Sauti ya sh na ya k zimepotea njiani, lakini kijana hajui. Anachojua ni kwamba hakuitikiwa. Mama aliyekuwa kitovu cha mazungumzo ya kibaraza huanza kuonekana mwenye kiburi, na baada ya muda naye huona ni heri akae ndani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kiwango fulani, na kwamba watu milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Sehemu kubwa yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na wengi huufikia uzee bila sikio lao kupimwa hata mara moja.

Dawa

Wagonjwa wengi huuliza kama ni dawa zinazowaharibu masikio. Swali ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo hazifai kutenganishwa: baadhi ya dawa zaweza kuligusa sikio, na kuacha dawa bila ushauri huliweka sikio na viungo vyote katika hatari kubwa zaidi.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba dawa yaweza kuvumisha masikio. Waliowahi kumeza kwinini kwa ajili ya malaria wanaukumbuka uvumi ule. Aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Kabla ya methotreksati kuwa dawa kuu ya baridi yabisi katika miaka ya 1980, madaktari waliongeza aspirini hadi mgonjwa aseme masikio yanavuma, kisha wakaipunguza kidogo. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja nzito: ambaye usikivu wake ulikuwa umekwisha kupungua aliweza kuzidishiwa dawa bila kuusikia uvumi wowote. Habari njema ni kwamba madhara ya aspirini kwa kawaida hupungua dawa inapopunguzwa. Dawa nyingine za kutuliza maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zimetajwa pia, hasa zinapomezwa kila siku, na hizo hununuliwa dukani bila cheti na bila kuandikwa katika faili lolote.

Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria hadi 2001. Wahudumu hukumbuka kuwapeleka wanaoitumia wakapimwe macho. Ni nadra zaidi, lakini dawa hiyo yaweza pia kuligusa sikio la ndani, na madhara yakitokea si lazima yarudi nyuma. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa baridi yabisi huugua na mengine. Akilazwa kwa maambukizi akapewa jentamaisini, au akapewa furosemaidi ya mshipa kwa ajili ya moyo, au kama alitibiwa kifua kikuu zamani kwa sindano za streptomaisini au kanamaisini, hayo yote yanaingia katika hesabu ya masikio yake. Mwenye figo dhaifu huathirika zaidi.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitokani na dawa kuligusa sikio. Inatokana na sikio kutoisikia dawa. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku kwa kipimo hicho hicho, kinywa huota vidonda, uboho huacha kutengeneza chembe za damu, na kifo chaweza kufuata ndani ya siku chache. Makosa ya aina hiyo yametokea katika nchi zenye hospitali bora kabisa, kwa wagonjwa wanaosikia vizuri. Sasa fikiria maelekezo hayo yakitolewa kupitia dirisha dogo la dawa, nje kuna foleni na honi, kwa mama ambaye kati ya "kwa wiki" na "kwa siku" humfikia irabu peke yake. Huongezewa asidi ya foliki, ya kumezwa siku nyingine, na mkanganyiko unazidi. Mama hutikisa kichwa kwa heshima, kwa kuwa si adabu kumchelewesha mtoa dawa, kisha huondoka.

Ndiyo maana kupima usikivu wa mgonjwa wa baridi yabisi hakupaswi kuhesabiwa kuwa huduma ya ziada. Ni sehemu ya usalama wa dawa. Siku ya kumeza itajwe kwa jina lake, iandikwe kwa herufi kubwa juu ya boksi, "JUMATATU TU", na mgonjwa aulizwe kwa namna isiyomfedhehesha: "Bibi, mjukuu akikuuliza nyumbani vidonge hivi vinamezwa lini, utamjibuje?" Swali la "Umeelewa?" halifai kitu, maana jibu lake ni "ndiyo" siku zote.

Katika kituo cha afya

Kituo kidogo hakihitaji mashine ili kuanza. Mhudumu aulize kama mgonjwa anaongeza sauti ya redio kuliko wenzake, kama simu imekuwa taabu, kama masikio yanavuma, na kama ana kizunguzungu. Amuulize pia aliyemsindikiza, ambaye mara nyingi amejua kabla ya mgonjwa. Kisha atazame ndani ya sikio, kwa kuwa nta iliyoziba ni tatizo la kawaida na huondolewa siku hiyohiyo. Usaha usiokauka ni habari nyingine. Kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga haufai kuachwa, na kifua kikuu cha sikio kisisahauliwe.

Kipimo cha mnong'ono hufanywa mhudumu akisimama nyuma ya mgonjwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, sikio moja likiwa limezibwa, na kunong'ona tarakimu. Wanaofanya kipimo hiki kwa Kiswahili wachague sita, tisa, saba na tatu, badala ya moja na nne ambazo mwenye upungufu wa sauti nyembamba huenda akazipata bila shida. Penye uma wa chuma wa mitikisiko 512 kwa sekunde, uwekwe kwanza juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha mbele ya tundu lake. Ukisikika zaidi juu ya mfupa, tatizo liko sikio la nje au la kati. Ukisikika zaidi mbele ya tundu na bado mgonjwa hasikii vizuri, fikiria sikio la ndani. Uma unaowekwa katikati ya paji la uso huwasaidia wengi, lakini kwa baridi yabisi waweza kupotosha: masikio yote mawili yakiwa yamepungua sawasawa, sauti hubaki katikati kana kwamba hakuna kasoro.

Anayeshukiwa apelekwe penye kipimo cha mashine, ndani ya chumba kisichoingiza kelele. Kwa mkazi wa Kariakoo, idara ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, si mbali, ingawa njia ya rufaa huanzia katika vituo vya chini. Kipimo cha kwanza kikifanyika ugonjwa ukiwa bado mpya, au kabla ya kuanza haidroksiklorokwini, kitakuwa kipimo cha kulinganishia miaka ijayo. Bila hicho, baada ya miaka 10 hakuna atakayeweza kusema kilichopotea kilipotea lini.

Hali moja haingoji tarehe ya kliniki. Usikivu ukishuka ghafla, ndani ya siku 3 au chini ya hapo, hasa katika sikio moja, ni dharura. Dawa za jamii ya prednisoloni hufaa zaidi zinapoanzwa mapema, na kila wiki inayopita hupunguza matumaini. Mgonjwa asipewe matone ya sikio na kuambiwa arudi mwezi ujao.

Kuhusu upungufu wa polepole, tiba ya baridi yabisi yenyewe ndiyo ulinzi wa kwanza, kwa kuwa uvimbe ukitulizwa mwilini hutulizwa pia masikioni. Kilichokwisha kufa katika koklea hakirudi, na hapo kifaa cha kusaidia kusikia huwa na nafasi yake. Wanaokitoa mara nyingi husahau mikono ya atakayekivaa. Betri za vifaa vidogo ni kama punje ya dengu, na kwa vidole vilivyopinda kuibadilisha betri ni kazi ya nusu saa au ya kuomba jirani. Vifaa vingi huishia kabatini kwa sababu hiyo, si kwa kukosa ubora. Kifaa kikubwa kidogo kinachokaa nyuma ya sikio, chenye kuchajiwa na chenye kitufe kinachohisika, humfaa zaidi mgonjwa huyu hata kama kinaonekana. Na akijaribu kukivaa na kukivua mbele ya fundi, afanye hivyo asubuhi, saa ambayo vidole vyake vimekakamaa zaidi, kabla hajalipa.